Usianze na Kaburi

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa ikijaribu kutua Bukoba ilianguka ndani ya Ziwa Victoria ikiwa na watu 43. Walikufa 19. Hapakuwa na ubishi juu ya idadi wala majina, kwa kuwa hakuna anayepanda ndege bila jina lake kuandikwa mahali. Miaka 26 nyuma, asubuhi ya 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama katika ziwa hilohilo ikiwa inakaribia kufika Mwanza. Walikufa watu zaidi ya 800, na mpaka leo hakuna anayeweza kutaja hesabu kamili akaapa. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Miili mingi ilizikwa Igoma, katika makaburi ya pamoja ambako ibada ya kumbukumbu hufanyika kila Mei, lakini mtu anayetaka kuthibitisha kwamba baba yake alikuwamo safarini bado anategemea, kwa kiasi kikubwa, tiketi ya baba ilikuwa ya bei gani. Septemba 2018 yakajirudia: kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara kikitokea Bugolora, wakafa watu zaidi ya 220. Mkata tiketi alikufa na mashine yake ikapotelea majini, kwa hiyo hesabu ya waliopanda ikajulikana kwa kuwahesabu waliotolewa.

Ajali hizi tatu zinatuonyesha jambo ambalo anayetafuta asili yake kandokando ya ziwa hili hana budi kulikubali mapema. Maandishi ya kifo hayaandikwi kwa ajili ya marehemu. Huandikwa kwa ajili ya walio hai wenye haja yao: shirika linaloogopa kudaiwa, serikali inayotaka kodi, padri anayehesabu waumini, watoto wanaogombea shamba. Ambaye kifo chake hakikugusa haja ya yeyote kati ya hao alizikwa, akaliliwa, akaondoka bila hata mstari mmoja. Ndiyo maana nasema kwamba mtu anayemtafuta babu au bibi aliyeishi Magu, Misungwi, Sengerema, Ukerewe au Bukoba anakosea anapoanza na cheti cha kifo na kaburi lenye jina, kama miongozo mingi ya Ulaya na Marekani inavyomwelekeza. Aanze kwa kuuliza kifo kile kilimhusu nani, na huyo aliyehusika alikuwa na tabia ya kutunza karatasi gani. Akienda hivyo, mara nyingi atamkuta marehemu wake kwenye karatasi ambazo wala hazikukusudiwa kuwa za vifo.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo iliyotungwa na Waingereza mwaka 1920, ikaanza kutumika 1921, iliwabana Wazungu na Waasia. Waafrika, ambao ndio walikuwa takriban nchi nzima, hawakulazimishwa. Kwa hiyo mkulima wa pamba wa Usukuma aliyefariki 1935 hakufichwa na mtu, wala ndugu zake hawakuvunja amri yoyote kwa kumzika bila kumwandikisha. Serikali haikuwa na haja ya kujua kwamba amekufa, ila pale karani wa kodi alipotaka kulifuta jina lake. Baada ya uhuru wajibu ukawa wa wote, na leo sheria, ambayo ni Sura ya 108, inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Msajili wa wilaya ni Katibu Tawala wa Wilaya, na juu yake yupo RITA, wakala wa serikali wa usajili ulioanzishwa 2006. Hata hivyo wajibu ni kitu kimoja na mazoea ni kingine. Familia nyingi hufuata cheti cha kifo siku mahakama inapokitaka kwa ajili ya mirathi, au benki, au mfuko wa pensheni. Mzee aliyeacha akaunti na kiwanja Nyakato, mjini Mwanza, ana cheti. Mzee aliyeacha jembe, mbuzi watatu na madeni ya mbegu hana, na huenda hatakuwa nacho. Anayepekua madaftari haya basi ajue kwamba anapekua orodha ya watu walioacha vitu, hasa vitu vyenye karatasi.

Makaburi nayo yana upendeleo uleule, tena wa wazi zaidi. Kule Kageye, kijiji cha ufukweni katika wilaya ya Magu, Henry Morton Stanley alipiga kambi mwishoni mwa Februari 1875. Aliondoka Bagamoyo Novemba iliyotangulia akiwa na watu zaidi ya 300, akafika ziwani akiwa amebakiwa na takriban nusu. Kijana wake Mwingereza, Frederick Barker, alifia hapo Aprili 1875, na miaka miwili baadaye akafia hapohapo Dakta John Smith wa misheni ya Kianglikana ya CMS. Hawa wawili wana majina, wana tarehe, wana mahali. Wapagazi wa Pwani na wa Unyamwezi waliokufa katika safari ileile, ambao bila mabega yao Stanley asingelisogea maili moja, walifukiwa njiani. Mfano mwingine ni Alexander Mackay, fundi na mmisionari aliyekufa Usambiro, kusini mwa ziwa, Februari 1890. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe, Kampala. Aliyekuwa na watu wa kumkumbuka hata mifupa ilisafirishwa kuvuka ziwa.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilifanya ubaguzi huu kuwa sera. Waingereza waliiteka Mwanza Julai 1916, na kabla na baada ya hapo pande zote mbili zilikuwa zimekwisha kuchukua vijana wa Usukuma na Unyamwezi kubeba mizigo. Walikufa kwa maelfu, wengi kwa kuhara damu, nimonia na njaa kuliko kwa risasi. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo kwa mwanajeshi wa Kizungu iliweka jiwe lenye jina, kikosi na tarehe, ilikiri kwenye ripoti yake ya 2021 kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi na Waafrika, hawakukumbukwa sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Mtu ambaye simulizi ya nyumbani inasema babu wa babu yake alikwenda vita ya Wajerumani asirudi, anaweza kuitafuta hazina ya majina ya tume hiyo bure kwenye intaneti, lakini akikosa jina asihitimishe kwamba simulizi ni uongo. Daftari lile halikuandikwa kwa ajili ya mpagazi.

Basi wetu wako wapi? Wengi wako nyumbani. Uhaya kaburi la babu liko migombani, ndani ya kibanja. Usukumani mtu alizikwa kwenye kaya yake, na alama ikawa kaya yenyewe. Shida ni kwamba kaya zilihama. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1940 mpango wa maendeleo wa Usukuma ulihamasisha watu kutoka maeneo yaliyosongamana kuvuka kwenda Geita. Kati ya 1961 na 1964 maji ya ziwa yalipanda zaidi ya mita 2 na ufukwe wa zamani ukawa chini ya maji. Kisha ikaja 1974, Operesheni Vijiji ikafika mkoa wa Mwanza, na watu ambao kaya zao zilikuwa zimetawanyika kila moja kwenye kilima chake wakasogezwa kwenye mistari ya vijiji vya ujamaa. Walibeba mabati, milango, vyungu na ng'ombe. Makaburi yalibaki kwenye mahame.

Mahame yana lugha yake kwa anayejua kuisoma. Usitafute msalaba wala jiwe lenye maandishi. Msalaba wa mbao mchwa huumaliza upesi. Tafuta ua wa zamani, yaani minyaa iliyokua ikawa miti mirefu kwa kukosa wa kuikata, au katani iliyopangwa kwa mstari ambao maumbile hayapangi. Ndani ya mstari ule udongo huwa mweusi kuliko wa jirani, maana palikuwa na zizi. Kuna mawe matatu ya jiko yaliyozama nusu, kuna jiwe la kusagia lililovunjika. Rundo la mawe lililo upande mmoja, ambalo mkulima wa sasa hulikwepa na jembe la ng'ombe bila kueleza kwa nini, ndilo la kuuliza. Na wa kuuliza si lazima awe ndugu. Mkulima aliyepewa shamba lile baada ya 1974 mara nyingi anajua anachokwepa, kwa kuwa aliyemkabidhi alimwambia. Ila hapa panahitaji adabu, kwa sababu mgeni anayefika na simu mkononi akipiga picha makaburi kwenye shamba la mtu anaeleweka haraka kuwa amekuja kudai ardhi, na si kila mara wenyeji wanakosea.

Sasa twende mahali penye utajiri hasa. Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie kule Algiers mwaka 1868, walifika kusini mwa ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1870, na mwaka 1883 wakafungua misheni ya Bukumbi, kusini ya mji wa sasa wa Mwanza. Kanisa Katoliki linazitaka parokia kuwa na vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu. Wengi wakisikia hivyo hukimbilia kitabu cha marehemu, na hapo ndipo wanapokata tamaa, kwa sababu ndicho kilicho chembamba kuliko vyote. Mkristo aliyefia kigango cha mbali akazikwa na katekista aliweza kupita bila jina lake kufika kwa paroko. Padri alikuwa na haja kubwa ya kujua nani amebatizwa na nani ameoa, maana asiyebatizwa hapewi ndoa na mwenye ndoa hapewi nyingine. Kwa hiyo kitabu cha ubatizo kilitunzwa kwa uangalifu ambao kitabu cha marehemu hakikupata, na humo ndimo vifo vingi vimejificha.

Angalia mstari mmoja wa kitabu hicho ulivyo. Una namba, tarehe, jina la Kikristo kwa Kilatini, jina la nyumbani kama lilivyosikiwa na sikio la Mfaransa au Mholanzi, jina la baba, la mama, la msimamizi wa ubatizo, mahali, na saini ya padri. Pembeni pameachwa nafasi, na miaka inavyopita mikono tofauti na wino tofauti huongeza kipaimara, kisha ndoa na jina la mwenzi. Kwa hiyo mstari uliofunguliwa 1912 unaweza kuwa bado unaandikwa 1938. Kuna mistari mingine yenye maneno mafupi ya Kilatini yanayomaanisha kwamba mtu alibatizwa akiwa katika hatari ya kufa. Mapadri hawa walimtaka mtu mzima akae kwenye mafundisho miaka kadhaa, kwa kawaida minne, kabla ya maji. Aliyekuwa anakufa alisamehewa mafundisho, na mara nyingi aliyembatiza ni katekista aliyekuwa jirani. Mstari wa namna hiyo, ukiwa hauna kipaimara wala ndoa pembeni, kwa kawaida ni taarifa ya kifo iliyovaa nguo za ubatizo. Wataalamu wa historia ya idadi ya watu wamevitumia vitabu vya parokia za kaskazini-magharibi mwa Tanzania kuunganisha familia, uzazi na vifo vya miongo ambayo serikali haikuandika kitu.

Majina yenyewe nayo husema. Msukuma wa enzi hizo hakuwa na jina la ukoo linaloteremka kutoka kwa baba hadi kitukuu. Alikuwa na lake na la baba yake, basi. Anayetafuta kwa jina la mwisho, kama tovuti nyingi zinavyotaka, atazunguka bila kufika. Afuate jozi ya mtu na baba yake, kisha baba na baba yake, kizazi kwa kizazi. Lakini Kisukuma kinampa msaada ambao Mwingereza mwenye mababu wanne wote wakiitwa John Smith hana. Ukikuta Kulwa, tafuta Doto, maana ni pacha. Ukikuta Shija, kuna pacha waliomtangulia tumboni, hata kama hawamo katika kitabu chochote. Hao wawili huenda walikufa wachanga kabla ya kupelekwa misheni, hawana kaburi linalojulikana, hawana cheti, na ushahidi pekee kwamba waliishi ni jina la mdogo wao. Sijui daftari la serikali linaloweza kufanya kazi hiyo.

Kosa ni kudhani kwamba vitabu vya dhehebu moja husomwa kama vya jingine. Kituo cha Nassa, mashariki ya Mwanza, kilikuwa cha CMS kabla ya kukabidhiwa misheni ya Africa Inland mwaka 1909, na kanisa lililozaliwa hapo, AIC, hubatiza watu wanaojua wanachokiungama. Wasabato vilevile. Mtoto wa familia ya AIC aliyekufa na miaka mitatu hatakutwa kwenye ubatizo, na ukimya huo hauna maana yoyote kuhusu kuwepo kwake. Kwa Waislamu kaburi la kawaida halipambwi, na wengine hulikataza jina juu yake kwa dalili za dini. Anayetafuta huko ategemee ndoa, wakfu, na kumbukumbu za mirathi kwa kadhi au mahakamani. Wahindu wa Mwanza huchoma maiti, kwa hiyo makaburi hayana la kusema, ila familia zilizotoka Gujarat zinaweza kuwa na bahati isiyo ya kawaida: kule Haridwar, mji wa hija kando ya mto Ganga, makuhani hutunza vitabu vya familia ambamo anayekuja na majivu ya mzazi wake huandika kizazi chake chini ya vilivyotangulia. Wamormoni wa Marekani wamepiga picha kurasa nyingi za vitabu hivyo. Hapo pia mwenye haja ni aliye hai. Kuhani anamtambua mteja wake kwa vitabu hivyo.

Kundi la karatasi ninalolithamini karibu sawa na ubatizo ni majalada ya mirathi katika Mahakama ya Mwanzo. Ombi la kumteua msimamizi wa mirathi huambatana na muhtasari wa kikao cha ukoo. Karatasi hiyo, mara nyingi imeandikwa kwa kalamu kwenye daftari la shule, inataja siku aliyofariki mzee, mahali, wake zake kwa mfuatano, watoto wa kila nyumba, waliotangulia kufa na walioacha wajukuu, na chini yake saini na dole gumba za waliohudhuria. Ni ukoo mzima kwenye ukurasa mmoja, umeandikwa na watu waliomjua marehemu, mbele ya watu ambao wangepinga papo hapo kama mtoto angerukwa. Shauri likiwa na ubishi, wazee huitwa kutoa ushahidi kwa kiapo juu ya nani alimzaa nani, na likipanda juu, hukumu za Mahakama Kuu sasa zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII. Ugomvi wa ndugu ni balaa kwa wanaouishi, lakini ni neema kwa mtafutaji wa miaka 50 baadaye.

Hapa kuna pingamizi linalostahili jibu la heshima: kwamba yote haya ni ya nini wakati wazee wapo? Nasaba zetu ziko vifuani, mzee akikaa chini ya mti atakutajia vizazi saba bila kusoma. Ni kweli, na anayeruka wazee kwenda kwenye makabati amepotea njia. Lakini masimulizi nayo huongozwa na haja za walio hai, na yana mapengo yake yanayotabirika. Ukerewe watawala wa ukoo wa Wasilanga wanatajwa kwa mfuatano mrefu kwa kuwa utawala ulihitaji mfuatano huo. Aniceti Kitereza, mwandishi wa Kikerewe aliyesoma misheni na kukusanya habari za mababu wa kisiwa chake, aliona umuhimu wa kuziandika wakati wasimulizi wangali hai, na hata yeye riwaya yake kubwa aliyoimaliza 1945 haikuchapwa kwa Kiswahili mpaka 1980. Katika ukoo wa kawaida, vizazi vya katikati hubanwa, babu wawili wenye jina moja wakawa mmoja. Asiyezaa hutoweka. Mtu aliyeingia ukoo kwa kununuliwa au kutekwa katika biashara ya karne ya 19 hushonwa ndani mpaka mshono usionekane, na wazee wanaojua hawataki kusema.

Wanaopotea kuliko wote ni wanawake. Binti anaolewa, anahama, anazikwa kwa mumewe, na kwao anabaki "dada yake fulani". Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake na kupingwa na mtu wa ukoo kwa hoja kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji alisema mila hiyo inavunja haki zilizomo katika Katiba. Uamuzi huo hufundishwa kwa sababu ya haki za wanawake, na ni sawa, lakini kwa mtafuta asili una maana ya ziada: kadiri binti asivyokuwa na sauti juu ya shamba, ndivyo ukoo usivyokuwa na sababu ya kumkumbuka. Kitabu cha ubatizo, kwa upande wake, kina safu ya jina la mama kwa kila mtoto, kwa sababu ambazo hazikuhusiana kabisa na ardhi. Mtu anayefuatilia upande wa bibi yake atapata kwenye safu ile majina ambayo hakuna mzee wa kiume aliyewahi kumtajia.

Wapo wanaosema hii ni starehe ya watu wa nje, wenye fedha za nauli na muda wa kulia makaburini, na kwamba mkazi wa Kisesa ana ya kufanya mengine. Hoja ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba maombi mengi ya kupekuliwa vitabu hutoka kwa wanaoishi mbali. Lakini anayehitaji zaidi kuthibitisha babu alikufa lini na kuzikwa wapi ni mkulima ambaye haki yake juu ya shamba inasimama kwenye kaburi lililomo. Baraza la ardhi la kata halimuulizi kuhusu asili yake kwa ajili ya fahari. Linamuuliza babu yako alilima hapa tangu lini, nani shahidi, na kaburi liko wapi.

Pingamizi la faragha ni zito zaidi, na sina jibu linalolimaliza. Vitabu vya parokia vina watoto wa nje ya ndoa, ndoa zilizovunjika, watu waliobatizwa kwa siri ya waume zao. Paroko akikataa kumwachia mgeni apekue mwenyewe, na badala yake akamsomea mstari mmoja tu wa mtu anayemhusu, anafanya linalostahili, hata kama linachelewesha kazi. Kisesa penyewe, takriban kilomita 20 mashariki ya Mwanza kwenye barabara ya Musoma, kuna kumbukumbu za vifo zilizo bora kuliko karibu zote nchini: tangu 1994 watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, tawi la Mwanza, wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuhesabu watu, kuandika waliozaliwa na waliokufa, na kuwahoji ndugu juu ya dalili za ugonjwa wa mwisho. Kama kuna mahali ziwani ambapo maskini ameandikwa kifo chake sawa na tajiri, ni hapo, maana aliyekuwa na haja ni mwanasayansi aliyehitaji kila mmoja ahesabiwe. Lakini haja yenyewe ilikuwa Ukimwi, na wahojiwa walizungumza kwa ahadi ya siri. Takwimu hizo si za kutafutia mababu, na mjukuu hana haki ya kuzifungua kwa sababu tu damu ni moja.

Upo wakati mmoja ambapo serikali yenyewe humfuata mwenye kaburi mpaka shambani. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 inaruhusu makaburi kuondolewa pale ardhi inapotakiwa kwa matumizi ya umma, baada ya tangazo, na inatambua gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya pamoja na za tambiko. Katika ukanda ambao unajengewa reli ya kisasa ya kilomita 341 kutoka Mwanza hadi Isaka, na ambao umepata daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 na migodi ya dhahabu ya Geita, sheria hii si ya kwenye makabrasha. Mthamini akifika na fomu yake hataki simulizi. Anataka idadi ya makaburi, nani amelala wapi, na anayejibu ana uhusiano gani naye. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo mara ya kwanza majina ya wale wafu kuwekwa pamoja kwenye karatasi. Yale ambayo hakuna aliyejitokeza kuyataja huhamishwa vilevile, na kwenye fomu huandikwa idadi tu.